Kidole cha shangazi kwenye orodha ya makosa

Paneli ya makosa katika kihariri ninachokitengeneza, programu ya kuandikia kodi, yaani maagizo ya kompyuta, ina mistari sita. Sikuichagua sita. Laptopu tulizonazo darasani Nyakato, hapa Mwanza, zina skrini za pikseli 1366 kwa 768, na ukishatoa sehemu ya kuandikia kodi, majina ya faili juu na ule utepe wa Windows chini, nafasi inayobaki kwa ajili ya makosa ni mistari sita, au saba ukibana sana. Kosa la saba na kuendelea lazima uskroli ndipo ulione. Kazi yangu ya miezi minne iliyopita, usiku na mwisho wa wiki, imekuwa hiyo tu: nani anayeiskroli orodha ile, lini, na kwa ruhusa ya nani.

Ilianza na binti mmoja wa darasa la jioni. Alikuwa na makosa kumi na moja kwenye programu yake ya C, nami nilikuwa nimesimama nyuma yake. Aliusoma mstari wa nne kwenye paneli polepole, midomo ikicheza, kisha akapeleka kishale cha mausi na kubofya. Kihariri kikampeleka kwenye faili nyingine kabisa, kwenye onyo ambalo hakuwa hata amelisoma. Akageuka kuniangalia.

"Mwalimu, nimebofya wapi?"

Alikuwa amebofya pale pale alipokusudia. Kati ya jicho lake kusoma na kidole chake kubonyeza, kikaguzi cha kodi kilimaliza duru nyingine, kikaleta orodha mpya, na paneli ikajisogeza chini ili imwonyeshe makosa yaliyoongezeka. Mstari wa nne ukawa umeshabadilika. Nilimwambia hajakosea yeye, nimekosea mimi. Paneli ile niliiandika kwa mikono yangu na niliona fahari kwamba inajisogeza yenyewe.

Tukisema "orodha ya makosa" inaonekana tunazungumzia kitu kimoja, kumbe ni viwili, na nilipoteza wiki nyingi kwa kuvichanganya.

Orodha ya kwanza ni ile inayomwagika. Unabonyeza kitufe, gcc, kompaila yetu ya C inayoigeuza kodi kuwa programu, inaanza kukompaili, na kila inapokuta tatizo inaandika mstari chini ya ule uliotangulia. Orodha hiyo hukua upande mmoja tu, na kilichokwisha kuandikwa hakibadiliki. Swali lake la kuskroli ni jepesi kulisema: dirisha lifuate maandishi yanavyoshuka, au libaki juu yalikoanzia?

Swali hili walishalijibu waliotutangulia, na jibu ninaloliheshimu kuliko yote liko ndani ya GNU Emacs, kihariri ambacho Richard Stallman alikitoa mwaka 1985 na bado kinatumika. Kuna mpangilio unaitwa compilation-scroll-output. Ukiuacha ulivyo, dirisha la kompaila halifuati chochote. Ukiuweka t, linafuata mwisho daima. Ukiuweka first-error, linafuata hadi kosa la kwanza litokee, kisha linasimama na kukuachia kosa hilo mbele ya macho. Kuna jambo jingine pale ambalo nililipenda zaidi. Hata usipogusa mpangilio wowote, ukiingia kwenye dirisha lile na kupeleka alama ya kuandikia mwisho kabisa, inabaki mwisho na maandishi mapya yanaingia juu yake. Ukiiacha katikati, haitikisiki. Mtu ameshasema anachotaka kwa pale alipojiweka, na Emacs imemsikiliza.

Hili la kusimama kwenye kosa la kwanza lina sababu ambayo kila aliyefundisha C anaijua. Kosa la kwanza mara nyingi ndilo mama, mengine ni watoto wake. Tuseme mwanafunzi ametumia Samaki kama aina ya data bila kuifafanua popote. Kila mstari wenye jina hilo unatoa lalamiko lake. Anaona makosa thelathini, anafunga laptopu, anasema kompyuta si ya kwake. Kumbe tatizo ni moja, na liko juu kabisa, mahali ambapo paneli inayokimbilia chini imemwondoa. Wenye gcc wanalijua hilo: kuna -Wfatal-errors ya kuisimamisha kwenye kosa la kwanza, na -fmax-errors ya kuiwekea kikomo. Lakini kumnyima mwanafunzi mistari mingine si sawa na kumwonyesha ule wa kwanza. Mimi nataka yote thelathini yawepo, ila macho yake yaanzie kwa mama.

Vim, kihariri kingine, nayo ina dirisha lake la makosa, na kuna amri ya :cbottom inayolipeleka mwisho makosa yanapoingia huku kazi nyingine ikiendelea nyuma. Mwongozo wake unakushauri usiiite kila mara, bali mara moja moja, ili skrini isichorwe upya bila sababu. Ushauri mdogo, ila umeandikwa na mtu aliyemfikiria anayetazama. Bram Moolenaar, mwanzilishi wa Vim, alifariki Agosti 2023. Kwetu sisi wa ziwani jina lake lina uzito zaidi. Ukifungua Vim bila faili, ukurasa wa kwanza mara nyingine unakuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda, na watoto hao ni wa Kibaale, kusini mwa Uganda, ng'ambo ya ziwa hili hili. Alifanya kazi ya kujitolea huko mwaka 1994 na hakuacha kuwakumbuka. Nawaonyesha wanafunzi wangu ukurasa ule kila mwaka.

Orodha ya pili naiita orodha hai, na hiyo ndiyo iliyomrusha yule binti wa darasa la jioni. Hii haimwagiki, inabadilishwa nzima. Microsoft ilitangaza Language Server Protocol, utaratibu wa kihariri kuzungumza na kikaguzi cha kodi, mwaka 2016, na tangu hapo vihariri vingi havikagui kodi vyenyewe tena, vinaiachia programu ya pembeni inayoijua lugha husika. Mimi natumia clangd, ambayo ni ya C, na inafanya kazi kwenye kompyuta moja ndogo iliyo kwenye kona ya darasa, ili wanafunzi wasitegemee bando. Kila clangd inapomaliza kuipitia faili, inatuma makosa yote ya faili hiyo kwa mkupuo, na mkupuo mpya unafuta wa zamani. Haisemi hili limeondoka na hili limeingia. Inasema haya ndiyo yaliyopo sasa. Ikituma orodha tupu, faili ni safi.

Sasa fikiria mwanafunzi ameongeza mstari mmoja mtupu juu ya faili yake. Makosa yote kumi na moja yamebadilika namba za mistari. Kwa kompyuta hiyo ni orodha ngeni kabisa. Kwa mwanafunzi ni makosa yale yale ambayo amekuwa akipambana nayo tangu saa kumi na moja jioni.

Mimi si mtu wa mipangilio mingi. Nimeona programu zenye kurasa ishirini za vitufe ambavyo hakuna anayevigusa, na nilikuwa naamini kwamba mtengenezaji akiweka chaguo amekwepa kuamua. Kwa hiyo jaribio langu la kwanza halikuwa na chaguo lolote. Nilitaka kihariri kitambue chenyewe kama mtu anasoma. Kanuni niliyoiandika ilikuwa hii: kama kishale cha mausi hakijasogea ndani ya paneli kwa sekunde tatu, hakuna anayesoma, na orodha iko huru kusogea.

Sekunde tatu nilizipata wapi? Nilijipima mwenyewe. Ujumbe wa clangd kwamba nukta-mkato imesahaulika mimi naufahamu kwa kuutupia jicho, kwa sababu nimeuona maelfu ya mara. Lakini ujumbe ule ni wa Kiingereza, na wanafunzi wangu wengi wamekulia Kisukuma au Kikerewe nyumbani, wakasomea Kiswahili, na Kiingereza kimekuja cha tatu. Niliketi pembeni ya kijana mmoja na saa mkononi. Mstari mmoja wa kosa ulimchukua sekunde ishirini na mbili. Katika muda wote huo mkono wake haukugusa mausi. Alikuwa ameuweka shavuni. Kwa kanuni yangu alikuwa ameondoka. Kwa kweli hakuna wakati wowote wa jioni ile ambapo alikuwa akisoma kwa bidii zaidi ya hapo, na hapo ndipo paneli ilipomnyang'anya mstari.

Huyo alikuwa wa kwanza kuiangusha kanuni ile. Wa pili aliizika. Ni kijana anayetoka upande wa Sengerema na kuvuka kwa kivuko cha Kamanga kila Jumamosi, laptopu kaifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya begi. Ana uoni hafifu. Anatumia kikuzaji cha Windows kwa asilimia 300. Nikamwomba niketi kwenye kiti chake niangalie anachokiona.

Skrini ya 1366 kwa 768 ukiikuza mara tatu, unabaki na dirisha la pikseli 455 hivi kwa 256. Kimo cha paneli yangu kinaingia chote, kwa hiyo mistari sita anaiona. Lakini upana anaona theluthi moja tu. Ili amalize kusoma kosa moja anasafiri: theluthi ya kushoto ambako kuna jina la faili, ya kati ambako ujumbe unaanza, ya kulia ambako ujumbe unaishia. Kisha anarudi kushoto kuangalia namba ya mstari. Safari hiyo inafaa tu kama mstari utakuwa pale pale atakaporudi. Kwenye kihariri changu haukuwepo. Anaenda kulia na kosa moja, anarudi kushoto anakuta jina la faili la kosa jingine, na hana njia ya kujua kwamba vimebadilishana. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba amekuwa akinakili makosa kwenye karatasi kabla ya kuyarekebisha. Wiki tatu. Nilidhani anaandika notsi.

Miongozo ya kufanya tovuti zifikike na watu wenye ulemavu, WCAG, imekuwa nayo hii tangu toleo la 2.0 la mwaka 2008, kipengele cha 2.2.2: kitu kinachojisogeza chenyewe kwa zaidi ya sekunde tano pembeni ya maudhui mengine, lazima mtu awe na njia ya kukisimamisha. Na taarifa zinazojisasisha zenyewe hazikupewa hata hizo sekunde tano. Nilikuwa nimekisoma kipengele hicho zamani. Sikuwahi kufikiri kwamba paneli yangu ndogo ya mistari sita inahusika.

Sasa niseme habari za shangazi.

Shangazi yangu anafanya biashara ya dagaa mwaloni Kirumba. Wakati wa giza, mwezi usipotoka, wavuvi wanaingia ziwani usiku na taa zao, na asubuhi magunia hayana hesabu. Mbalamwezi ikirudi kazi inapoa. Jumamosi moja ya giza nilikwenda kumsaidia kabla ya darasa. Karani anataja namba ya gunia na kilo zake, na shangazi anahakiki kwenye kaunta buku yake kwamba ndivyo walivyokubaliana. Mahali penyewe unapajua kama umewahi kufika: wapagazi wanapita na mizigo kichwani wakipiga kelele za njia, upepo wa ziwa unafunua kurasa, mtu anakusukuma begani, daftari linahama.

Kidole cha shahada cha mkono wake wa kushoto hakitoki kwenye mstari. Daftari likisukumwa, kidole kinakwenda nalo. Karani akitaja gunia lililosahaulika, shangazi analiandika chini kwa mkono wa kulia na kidole cha kushoto kiko pale pale. Ukurasa ukifunuliwa na upepo anaurudisha bila kutafuta alipokuwa. Nilimuuliza kwa nini asiandike kwanza kila kitu, akahakiki baadaye akiwa ametulia.

"Baba, nikikiondoa kidole naanza upya. Na hawa hawanisubiri."

Niliandika maneno hayo kwenye simu pale pale, nimesimama kati ya magunia. Kitu nilichokijenga baada ya hapo kwenye kodi kinaitwa kidole, na nimeliacha jina hilo hilo.

Kidole kinafanya hivi. Kabla orodha ya zamani haijafutwa, kihariri kinajiuliza mambo mawili: msomaji yuko kwenye kosa gani, na kosa hilo liko pikseli ngapi kutoka ukingo wa juu wa paneli. Kisha kinapanga orodha mpya, kinalitafuta kosa lile lile ndani yake, na kuiskroli paneli kimyakimya hadi kosa hilo likae umbali ule ule kutoka juu. Machoni pa msomaji mstari wake haujahama. Makosa yaliyozaliwa juu yake yamejipanga juu, yaliyozaliwa chini yamejipanga chini.

Ugumu uko kwenye maneno "kosa lile lile". Namba ya mstari haifai kuwa kitambulisho, maana ndiyo ya kwanza kubadilika. Natambua kosa kwa faili, kwa maneno ya ujumbe, na kwa maandishi ya mstari wenyewe wa kodi unaolalamikiwa. Yakipatikana mawili yanayofanana kwa yote matatu, nachukua lililo karibu na namba ya zamani. Na kama msomaji hajaonyesha yuko wapi, nachukua kosa alilolichagua mwisho, na kama hajachagua lolote, la juu kabisa linaloonekana.

Kihariri changu kinaendeshwa ndani ya kivinjari, na vivinjari vyenyewe vinajaribu kitu cha aina hii. Chrome ilianza mwaka 2017 na Firefox ikafuata mwaka 2019: maudhui yakiongezeka juu ya unaposoma, kivinjari kinarekebisha skroli ili usirushwe. Nilitegemea hilo kwa siku kadhaa nikishangaa kwa nini halinisaidii. Kivinjari kinashika kipande halisi cha ukurasa, nami nilikuwa nafuta vipande vyote na kujenga vipya, kwa hiyo kipande kilichoshikwa kilikuwa kimeshatupwa. Usifanye kosa hilo.

Kidole peke yake hakikutosha, kwa sababu kinalinda mstari mmoja. Mtu akiwa anapeleka kishale kutoka mstari wa pili kwenda wa tano, wa tano unaweza kubadilika njiani. Kwa hiyo kishale kikiwa ndani ya paneli, orodha mpya inasubiri mlangoni. Juu ya paneli panaandikwa "Mapya 4" na hakuna kinachosogea hadi atoke au abofye maneno hayo. Je, akikisahau kishale humo ndani? Akianza kuandika kodi, orodha inaingia, maana anayeandika hasomi paneli. Hapo nilifuta zile sekunde tatu kabisa. Kuandika ni tendo, kutoa kishale ni tendo, kubofya ni tendo. Kutulia si ruhusa ya kumsogezea mtu kitu anachokitazama, na kodi yangu haitachukulia hivyo tena.

Bado nilikuwa sitaki chaguo. Aliyenibadilisha ni mimi mwenyewe nikitumia kihariri kwa kazi zangu. Nina faili ndefu, naruka kutoka juu hadi chini, na napenda paneli iandamane nami: nikifika mstari wa 400, inionyeshe makosa ya jirani na mstari wa 400. VS Code, kihariri cha Microsoft, ina kitu cha ukoo huo, problems.autoReveal, kinachoamua kama faili unayoifungua ionyeshwe pia kwenye orodha ya matatizo. Nikaweka tabia hiyo, nikafurahi, nikampelekea kijana wa Sengerema. Kwake ilikuwa mateso yale yale kwa mlango mwingine: kila alipogusa kodi, paneli ilihama. Mimi na yeye tunaitaka orodha ile ile kwa matumizi mawili tofauti, na hakuna hesabu ya sekunde au ya pikseli inayoweza kujua ni nani kati yetu ameketi kwenye kiti.

Basi kuna chaguo, na nimelibana liwe dogo. Orodha hai ina hali mbili, "Tulia" na "Andamana na kodi". Orodha ya kompaila ina tatu: "Tulia", "Fuata mwisho", "Simama kosa la kwanza". Orodha hai sikuipa "Fuata mwisho" kwa sababu haina mwisho wa namna hiyo. Imepangwa kwa namba za mistari, na kosa jipya kabisa linaweza kuzaliwa katikati. Ukimfuatisha mtu mwisho wa orodha hiyo unampeleka tu chini ya faili. Ukikifungua kihariri kwa mara ya kwanza, orodha hai iko kwenye "Tulia" na ya kompaila iko kwenye "Simama kosa la kwanza".

Maneno haya nilihangaika nayo. Mwanzo niliandika "Skroli otomatiki: ndiyo / hapana". Darasani nilipouliza maana yake nilipata majibu manne tofauti, na mmoja alidhani akichagua hapana hataweza kuskroli hata kwa mkono. "Tulia" hakuna aliyeuliza. Na neno lenyewe halipo ndani ya ukurasa wa mipangilio. Liko kwenye ukingo wa juu wa paneli, linasomeka, unalibofya linageuka kuwa linalofuata. Mtu anayesumbuliwa na paneli anaitazama paneli, hatazami menyu.

Hali ya "Fuata mwisho" ilinila Jumapili mbili. Kanuni ni ile ya Emacs: kama msomaji yuko mwisho, mfuatishe, akipanda juu, muache. Ili kujua kama yuko mwisho unachukua urefu wote wa orodha, unatoa kimo cha paneli, unatoa kiasi kilichoskroliwa, ikibaki sifuri yuko mwisho. Laptopu zote zilikubali isipokuwa moja, ambayo ilifuata mistari michache kisha ikaganda. Nilibadilisha kivinjari, nikasafisha kila kitu, nikaanza kuishuku mashine. Jioni ya Jumapili ya pili nikagundua imewekewa ukuzaji wa asilimia 125. Kivinjari hukupa urefu wa orodha na kimo cha paneli kwa namba kamili zilizokadiriwa, ila kiasi kilichoskroliwa hukupa na desimali zake. Kwenye mashine ile jibu lilibaki 0.4 badala ya 0, na kodi yangu ikasema msomaji amepanda juu. Sasa nakubali chochote kisichozidi nusu ya mstari.

Rafiki yangu wa Dar aliyeitazama kazi hii alinishauri niweke mwendo laini, orodha iteleze badala ya kuruka. Nimekataa. Orodha inapoteleza, kwa sehemu ya sekunde kila mstari uko mahali pasipo pake, na mtu akibofya wakati huo amebofya hewa. Mwendo laini unapendeza kwenye picha. Kwenye kitu ambacho watu wanakilenga kwa kidole, mstari uwe ulipo au usiwepo. Kasi ya kuskroli pia sikuiweka, wala sekunde za kusubiri, wala rangi za onyo la kusogea. Kitufe cha F8 kinakwenda kosa linalofuata, na hapo paneli inasogea kiasi tu cha kulionyesha kosa hilo na mstari mmoja zaidi chini yake, ili ujue bado kuna mengine. Mstari wa kodi wenyewe unakaa theluthi ya kwanza ya skrini.

Lilibaki swali moja ambalo nilidhani ni dogo. Kosa lililo chini ya kidole likirekebishwa, kidole kiende wapi? Nilikiangusha kwenye kosa jirani la chini. Yule binti wa makosa kumi na moja akarekebisha la kwanza lake, akatazama paneli, akaona kuna kosa pale pale, akadhani rekebisho lake halijafanya kazi. Akalifuta. Kodi iliyokuwa sahihi akaiharibu, mbele yangu.

Jumamosi iliyofuata nilirudi mwaloni na safari hii nilitazama kitu kimoja tu: shangazi anafanyaje akimaliza mstari. Haondoi kidole moja kwa moja. Anaweka vema kwanza, kialama kidogo cha kalamu pembeni ya kilo, anakitazama, halafu yeye mwenyewe anakishusha kidole.

Jana usiku niliandika hivyo. Kosa likiondoka chini ya kidole, mstari wake haufutiki. Unafifia, unapata alama ya vema upande wa kushoto, theluthi ya kwanza ile ambayo kijana wa Sengerema anaianzia, na unabaki hapo hadi msomaji mwenyewe asogee. Umeme ulikatika nikiwa najaribu kesi ya makosa mawili yanayorekebishwa kwa pamoja, kwa hiyo hiyo bado. Darasa ni kesho saa kumi.